Mfupa umeunga, mbona bado nachechemea?

Maswali ya wasomaji kuhusu misuli, magongo na mwendo. Safari hii barua zimetoka Arusha na Moshi.

SWALI: Shikamoo. Miezi mitano iliyopita nilipata ajali ya bodaboda, nikavunjika paja la kushoto na kuwekewa chuma kirefu ndani ya mfupa. Eksirei ya juzi inaonyesha mfupa umeunga. Lakini kila nikikanyaga mguu wa kushoto, kiwiliwili kinalalia kushoto kama nimelewa. Fimbo naishika mkono wa kushoto, upande ulioumia. Mama anasema niishike kulia. Nani yuko sahihi?
Msomaji, Njiro, Arusha

JIBU: Marahaba. Mama yuko sahihi, na ukitaka kujua kwa nini, chukua karatasi tupige hesabu.

Mtu akitembea, kila mguu huwa chini kwa takribani asilimia 60 ya mzunguko wa hatua na hewani kwa asilimia 40. Maana yake, katika kila hatua kuna kitambo ambacho mwili mzima unabebwa na mguu mmoja. Kitambo hicho nyonga inakuwa kama ile pembea ya ubao wanayochezea watoto. Upande mmoja uzito wa mwili unavuta chini. Upande wa pili msuli wa pembeni mwa kalio unavuta ili fupanyonga lisiporomoke. Ila ubao huu haukugawanywa kwa haki: uzito umekaa kama sentimita 10 kutoka katikati ya kiungo, msuli sentimita 5 tu.

Tuseme una kilo 60. Toa mguu uliosimama, kinachobaki kuning'inia ni kama kilo 50. Hamsini mara 10 ni 500. Msuli ukitaka kuzifikia hizo 500 ukiwa na sentimita 5, lazima uvute kwa kilo 100. Jumlisha 50 na 100: kiungo cha nyonga kinabanwa kwa kilo 150, mara mbili na nusu ya uzito wako, na hapo hujabeba hata ndoo.

Msuli usipoziweza hizo 100, mwili una njia mbili. Ama nyonga ya kulia inadondoka, ama unakirusha kiwiliwili kushoto ili uzito usogee karibu na kiungo na hesabu ipungue. Huo ndio ulevi wako.

Sasa hamishia fimbo mkono wa kulia. Pale ncha inapokanyaga ni kama sentimita 50 kutoka nyonga ya kushoto. Ikandamize kwa kilo 5 tu: 5 mara 50 ni 250, nusu ya kazi imeondoka. Msuli unabakiwa na kilo 50 za kuvuta, na kiungo kinabanwa kwa 95 badala ya 150. Ukiirudisha kushoto, fimbo inasukuma juu upande uleule uliosimama, yaani inausaidia uzito kuidondosha nyonga ya kulia. Nafuu utaipata kwa kuilalia mwili mzima, na ndicho unachofanya sasa.

Fimbo na mguu mbovu viende mbele pamoja. Urefu wake upime ukiwa umevaa viatu unavyotembelea, mikono imening'inia: mshikio ufike kwenye mkunjo wa kiganja, ili ukiushika kiwiko kijikunje kidogo, nyuzi 20 hadi 30. Fimbo ndefu inapandisha bega, fupi inakuinamisha. Na mpira wa chini ukishalika hadi mistari yake imefutika, badilisha kabla ya masika.

Kwa nini msuli umelegea ilhali kilichovunjika ni mfupa? Chuma cha aina hiyo mara nyingi huingizwa kutokea juu, pembeni mwa nyonga, na njia yake inapita katika misuli hiyohiyo. Ongeza miezi ya kutoukanyaga mguu. Ujipime: simama kwa mguu wa kushoto mbele ya kioo, vidole vya mkono vimegusa ukuta, sekunde 30. Angalia mkanda wa suruali. Ukishuka upande wa kulia, au bega la kushoto likilala, jibu umelipata.

Zoezi la kwanza: lalia ubavu wa kulia, mgongo na kisigino cha kushoto vikigusa ukuta. Telezesha kisigino juu ya ukuta polepole, vidole vikitazama mbele au chini kidogo, kisha teremsha kwa sekunde tatu. Mara 8 hadi 12, pumzika dakika moja au mbili, rudia awamu tatu. Siku tatu kwa wiki, na siku moja ya kupumzika katikati. Ukuta si pambo. Bila ukuta karibu kila mtu huviringisha fupanyonga nyuma na kuelekeza vidole juu, basi kazi inachukuliwa na msuli wa mbele ya nyonga, na yule tuliyemlenga anaendelea kulala. Mara 12 zikiwa rahisi, panda juu ya tofali la inchi 6 kwa mguu wa kushoto, wa kulia uning'inie nje. Bila kukunja goti, shusha nyonga ya kulia, ipandishe. Shika fremu ya mlango.

Usipime maendeleo kwa futi ya fundi cherehani. Wiki nne hadi sita za mwanzo nguvu inaongezeka kwa sababu neva zinajifunza kuziamsha nyuzi nyingi zaidi za msuli kwa pamoja; paja kujaa huja baadaye. Fimbo iache siku utakapoweza kutembea dakika kumi bila kulala upande. Watu wengi huitupa mapema kwa aibu, halafu mwendo mbovu unageuka mazoea. Kama baada ya miezi mitatu ya mazoezi hakuna tofauti, omba upimwe urefu wa miguu. Mguu uliovunjika paja unaweza kuwa mfupi, na hilo halitibiwi kwa mazoezi, linatibiwa kwa kuinua soli.

SWALI: Nina magongo mawili na nimeruhusiwa kukanyaga kilo 20 tu kwa mguu wa kulia. Nitazijuaje kilo 20? Halafu nakaa ghorofa ya pili.
Dada wa Kaloleni, Arusha

JIBU: Azima mizani ya kupimia uzito wa mwili. Weka mguu wa kulia juu ya mizani na wa kushoto juu ya daftari nene au ubao wenye kimo kilekile, shika magongo, kandamiza taratibu mpaka 20. Fanya mara kumi ukitazama, kisha mara kumi ukitazama mbele, halafu chungulia umefikisha ngapi. Rudia kila asubuhi, dada, kwa sababu mguu unasahau. Ukishapungua maumivu, wengi huvuka 30 bila kujua.

Ngazi: panda na mzima, shuka na mgonjwa. Kupanda, mguu mzima unatangulia, mgonjwa na magongo vinafuata. Kushuka, magongo na mgonjwa vinatangulia. Mguu unaobaki au unaokwenda ngazi ya juu ndio unaokunjwa na kuubeba mwili, na kazi hiyo ni ya mzima siku zote. Pakiwa na mkono wa ngazi, ushike, magongo yote yaende upande mwingine.

Kati ya kwapa na gongo pawe na nafasi ya vidole viwili hadi vitatu. Uzito ni wa viganja. Ukiyaning'inia magongo kwa makwapa, unabana neva ya mkono, na siku moja utashindwa kuinua kiganja.

SWALI: Nilivunjika pia ya goti, nikakaa na hogo wiki sita. Limeondolewa wiki mbili zilizopita. Goti limevimba kidogo, linakunja nyuzi 70 tu, na nikilala siwezi kuunyanyua mguu ukiwa umenyooka. Choo chetu ni cha kuchuchumaa. Kuna mkandaji mtaani anasema atalikunja siku moja liishe.
Mama, Pasua, Moshi

JIBU: Pole mama. Tuanze na mkandaji: hapana. Goti lililokaa wiki sita likikunjwa kwa nguvu linavuja damu ndani, linavimba upya, na ile pia ya goti iliyounga juzijuzi inaweza kuachia. Usilipe hela kwa ajili ya kurudishwa hospitali.

Tatizo lako kubwa kwa sasa, mama, ni huo uvimbe unaouita kidogo. Maji ya mililita 20 hadi 30 ndani ya goti, yaani kijiko cha chakula kimoja hadi viwili, yanatosha kuuzima msuli wa mbele ya paja, hasa ile sehemu ya ndani iliyo juu ya goti. Msuli haujafa. Goti lililojaa linatuma taarifa kwenye uti wa mgongo, na uti wa mgongo unapunguza amri. Ndiyo maana unauambia mguu nyanyuka na hausikii. Wengi huongeza mazoezi hapo, goti linajaa zaidi, amri inapungua zaidi.

Kwa hiyo uvimbe kwanza. Barafu iliyofungwa kwenye kanga, dakika 15, mara tatu au nne kwa siku, mguu ukiwa juu ya mto. Kisha kaa kitandani, weka taulo lililoviringishwa chini ya kisigino ili nyuma ya goti pabaki hewani. Likandamize goti kuelekea godoro, uone pia ya goti ikivutwa kwenda juu ya paja. Shikilia sekunde 5 hadi 10, mara kumi, mizunguko minne au mitano kwa siku. Weka kiganja juu ya paja: pakiwa laini, kinachofanya kazi ni kalio.

Kunyooka kuna haraka kuliko kukunja. Kutembea kunahitaji goti likunje nyuzi 60 hivi mguu ukiwa hewani, hizo unazo. Ngazi zinataka karibu 90 na zaidi kidogo, kuchuchumaa kunapita 120. Lakini goti lisilonyooka kabisa linakufanya utembee msuli wa paja ukiwa kazini bila kupumzika, na jioni linajaa tena. Kukunja, kaa sakafuni kwenye saruji laini, kisigino juu ya kipande cha kitambaa, kivute kuelekea kalioni mpaka uhisi kuvutwa, si kuchomwa. Ukipata nyuzi tano hadi kumi kwa wiki, usilalamike. Maumivu yakibaki hadi kesho yake asubuhi, ulizidisha.

Kwa choo, fundi seremala akutobolee kiti imara chenye kimo cha sentimita 45 kiwekwe juu ya tundu. Ni kazi ya saa moja.

Kigimbi kikivimba kwa upande mmoja, kikawa cha moto na kinauma ukikibonyeza, nenda hospitali siku hiyohiyo. Yaweza kuwa damu iliyoganda. Ukiongeza kifua kubana, hiyo ni dharura. Na kigimbi hicho kisikandwe.

SWALI: Mimi ni mpagazi mlimani. Kupanda sina shida. Kushuka, magoti na mapaja yanawaka, na siku ya pili nyumbani siwezi kukaa kwenye kiti bila kujitupa.
Kijana wa Marangu

JIBU: Kutoka kilele cha Uhuru, mita 5,895, hadi lango la Mweka mteremko ni zaidi ya mita 4,000, na kwa kawaida unashukwa ndani ya siku mbili. Ukipanda, msuli wa mbele ya paja unajikunja huku ukifupika. Ukishuka, msuli uleule unarefushwa huku ukikaza, kama breki ya lori kwenye mteremko. Kazi ya breki inatumia pumzi kidogo, ndiyo maana huchoki kifua, lakini inazipasua nyuzi kwa udogo usioonekana. Maumivu yanafika kileleni kati ya siku ya kwanza na ya tatu baadaye.

Msuli ukishaonja kazi ya breki mara moja, safari inayofuata maumivu yanapungua, na kinga hiyo inadumu wiki kadhaa. Basi mwonjeshe nyumbani. Simama kwa mguu mmoja juu ya kidato cha sentimita 15 hadi 20, shuka kwa sekunde tatu au nne mpaka kisigino cha mguu mwingine kiguse chini, usikikabidhi uzito, rudi. Mara 8 hadi 10, awamu tatu kila mguu, mara mbili au tatu kwa wiki, kuanzia wiki nne kabla. Goti lielekee kidole cha pili cha mguu. Likiingia ndani, punguza kimo. Zoezi zito la mwisho liwe siku tano kabla ya safari, si usiku wa kuamkia.

Njiani, fupisha hatua. Goti linavyokunjwa zaidi chini ya mzigo ndivyo pia ya goti inavyogandamizwa zaidi, na hatua ndefu ya kushuka inalikunja sana. Ukiwa na fimbo mbili, zirefushe sentimita 5 hadi 10. Goti likivimba au kukwama, muone daktari kabla ya safari nyingine. Mkojo ukiwa na rangi ya chai ya rangi baada ya kushuka, usisubiri kupata nafuu: msuli umevunjika kupita kiasi na figo ziko hatarini.

SWALI: Hogo liliishia chini kidogo ya goti. Lilipotolewa unyayo haunyanyuki, natembea napiga pa, pa, pa.
Msomaji, Himo

JIBU: Neva inayonyanyua unyayo inazunguka mfupa mwembamba wa nje, chini tu ya goti, ikiwa karibu kabisa na ngozi. Ukingo wa hogo ukibana pale, neva inazimika. Hiyo pa ni unyayo kuanguka baada ya kisigino kugusa, kwa kuwa msuli wa mbele ya muundi haupo wa kuuteremsha pole.

Nenda kapimwe wiki hii. Neva iliyobanwa tu inaweza kuamka ndani ya wiki kadhaa. Iliyokatika nyuzi huota kama milimita moja kwa siku, kwa hiyo hesabu miezi. Mazoezi hayaiamshi, ila yanalinda kifundo kisikaze: kaa, zungusha kitenge mbele ya unyayo, uvute kuelekea kwako sekunde 30, mara tano, asubuhi na jioni. Uulizie pia kifaa cha plastiki cha kushikilia unyayo. Hospitali ya KCMC, Moshi, wana karakana ya viungo bandia na vifaa vya namna hiyo, na hapohapo chuo cha TATCOT kinafundisha mafundi wake tangu 1981. Kifaa hicho kinavaliwa juu ya soksi, ndani ya kiatu cha kamba kilicho kikubwa namba moja. Kwa wiki ya kwanza vua kila baada ya saa mbili utazame ngozi, maana sehemu yenye ganzi inachubuka bila kukuambia. Wekundu usioondoka ndani ya dakika 20 unarudisha kifaa kwa fundi.