Hitma ya mama aliyefariki kwa kipindupindu: je, kuacha karamu ni kumkosea marehemu?

SWALI: Assalaam alaykum Shekhe. Mama yetu, ambaye ni mjane, amefariki juzi kwa kipindupindu hapa Pemba. Alianza kuharisha usiku, tukadhani ni chakula tu, tukamfikisha kituo cha afya alfajiri akiwa hana nguvu hata ya kusema. Amekoshwa na mtu wa afya pamoja na shangazi, kwa maji ya klorini, akazikwa siku hiyo hiyo. Sheha ametangaza marufuku ya karamu zote. Lakini mjomba, ambaye ndiye mkubwa wetu, anasema hitma ya siku ya saba lazima isomwe na watu wale. Kashanunua ng'ombe na magunia matatu ya mchele kwa fedha alizoacha mama, na ng'ombe anasema kamwekea nadhiri. Hoja yake ni kwamba Mtume (s.a.w.) kasema hakuna kuambukiza, na anayekufa kwa maradhi ya tumbo ni shahidi, basi tunaogopa nini? Wako pia wanaosema hata msikiti ufungwe. Mdogo wangu wa mwisho ana miaka 11. Tufanye nini? Na josho la mama limesihi?

JIBU: Wa alaykumus salaam. Innaa lillaahi wa innaa ilayhi raaji'uun. Allah amrehemu mama yenu na amkubali katika mashahidi.

Nianze na hilo la alfajiri, maana naona ndilo lililokukaa moyoni ingawa hukuliuliza. Kipindupindu kikali humtoa mgonjwa maji mwilini hata lita moja kwa saa, na humuua mtu mzima kabla siku haijaisha. Mwanzo wake hautofautiani na tumbo la kuendesha ambalo kila nyumba imeliona mara nyingi likapita. Hukumpuuza mama, mwanangu. Ulidhani lile ambalo mtu yeyote angelidhani. Na Mtume (s.a.w.) aliyewataja mashahidi watano, kama walivyopokea Bukhari na Muslim, amemtaja aliyekufa kwa maradhi ya tumbo miongoni mwao. Mjomba hakukosea kuitaja hadithi hiyo. Amekosea anapoipeleka, na nitaifikia.

Josho limesihi. Anayesema klorini imeharibu maji ya josho aikumbuke hadithi ya Umm Atiyya: Mtume (s.a.w.) aliwaamuru wanawake waliomkosha binti yake wamwoshe mara tatu au tano au zaidi, kwa maji na mkunazi, na mara ya mwisho watie kafuri. Kutia kitu cha kusafisha kwenye maji ya maiti tumefundishwa na yeye mwenyewe. Na anayeshikilia kwamba maji yaliyobadilika harufu hayatoharishi, basi maiti akimiminiwa baadaye maji matupu mara moja mwili mzima, hoja imekwisha.

Wakoshaji wa mtaani nao walijue hili, kwa watakaofikwa baadaye. Katika josho la kawaida maiti huinuliwa kidogo na tumbo hukandwa taratibu ili kilichobaki kitoke. Kwa aliyekufa kwa kipindupindu msilikande tumbo. Kinachotoka ni maji yaliyojaa vijidudu, na kukanda ni sunna inayoachwa kwa kuogopa madhara. Vaeni glavu na aproni. Dawa ya mwili na ya kinyesi ni ile kali ya asilimia 2, yaani gramu 30 za unga wa klorini wa asilimia 70 katika lita moja ya maji. Ya sakafu na kitanda ni gramu 30 hizo hizo katika lita kumi. Mfuo, yaani shimo linalopokea maji ya josho, umwagiwe dawa kali kabla ya kufukiwa, nao uwe mbali na kisima. Na aliyekosha asiingie jikoni siku hiyo. Hapa ndipo watu huangamia: maiti anakoshwa saa nne, saa sita mikono ile ile inachambua mchele.

Sasa hoja za mjomba.

Hadithi ya "hakuna kuambukiza" ni sahihi. Lakini katika Bukhari maneno hayo hayakusimama peke yake. Mwisho wa hadithi hiyo hiyo Mtume (s.a.w.) anasema: mkimbie mwenye ukoma kama unavyomkimbia simba. Abu Hurayra (r.a.), aliyeipokea, ndiye pia aliyepokea kwamba mwenye ngamia wagonjwa asiwapeleke kwa mwenye ngamia wazima. Kama maradhi hayapiti kabisa kutoka kwa huyu kwenda kwa yule, kwa nini ngamia watengwe? Wanazuoni walio wengi, na Imamu Nawawi ameyaeleza haya, wamesema kilichokanushwa ni itikadi ya watu wa Jahiliyya kwamba ugonjwa huambukiza kwa nguvu zake wenyewe, bila ya Allah kupitisha. Hakikukanushwa kile ambacho Allah amekijaalia kuwa sababu. Bedui alipouliza kuhusu ngamia wake wazima walioingiliwa na mwenye upele wakapata upele wote, alijibiwa: "Na wa kwanza nani aliyemwambukiza?" Jibu hilo linamrudisha kwa Muumba wa sababu, wala halimwambii arudi akawachanganye ngamia. Kuishika nusu ya hadithi na kuificha nusu yake mbele ya watu wasiosoma ni jambo zito, na atakayeulizwa siku ya Kiyama ni yule aliyeificha.

Na ikiwa mjomba anaona kuacha karamu ni kuikimbia kadari, hilo lilishasemwa na mtu mkubwa kuliko sisi sote, na likajibiwa. Khalifa Umar (r.a.) alikuwa njiani kwenda Sham akafika Sargh, karibu na mpaka wake, akaambiwa kuna maradhi mbele. Akawashauri Muhajirina, wakakhitilafiana. Akawashauri Ansari, wakakhitilafiana. Akawaita wazee wa Kikureshi, wakamwambia kwa sauti moja: rudi na watu. Abu Ubayda (r.a.) akasema: "Unaikimbia kadari ya Allah?" Umar akajibu kwamba ndiyo, tunaikimbia kadari ya Allah kwenda kwenye kadari ya Allah, akampigia mfano wa mwenye ngamia aliyeshuka bonde lenye ng'ambo mbili, moja ina majani na moja kavu: popote atakapolisha, amelisha kwa kadari. Kisha akaja Abdulrahman bin Awf (r.a.) na hadithi ya kutoingia mji wenye tauni wala kutoka kwa kuikimbia, Umar akamshukuru Allah, akarudi.

Tuje kwenye hoja ya ushahidi. Aliyezama baharini naye ni shahidi, yumo katika hao hao watano. Je, inajuzu kuipakia meli kupita kiasi kwa sababu watakaozama watakuwa mashahidi? Watu wa Pemba hawahitaji kuelezwa hili baada ya Septemba 2011 na meli iliyozama karibu na Nungwi. Daraja ya shahidi humpata aliyefikwa na balaa akasubiri. Haimpi mtu ruhusa ya kuwaandalia wenzake balaa kwenye sinia. Mtume (s.a.w.) amesema hakuna kudhuru wala kulipizana madhara, na watakaokula hapo ni wajukuu wa marehemu, majirani zake, na walimu wa madrasa.

Lipo na lingine. Ibn Hajar al-Asqalani, mwenye sherehe ya Bukhari ambayo mashekhe wote huirejea, aliishi na tauni na ikamchukulia mabinti zake. Ameandika kwamba Kairo, mwaka 833 Hijria, waliokufa kwa siku walikuwa hawajafika 40. Watu wakatangaziwa saumu ya siku tatu, wakatoka jangwani kwa wingi, wakaomba dua, wakarudi. Mwezi ule haukuisha ila waliokufa kwa siku walizidi elfu. Alikuwa anajua thamani ya dua kuliko mimi nawe, na bado aliona lazima aandike kilichotokea kwenye ule mkusanyiko.

Lakini tusiende upande wa pili tukafunga kila kitu. Kipindupindu si korona. Mwaka 2020 hija iliachiwa watu wachache waliokuwa tayari ndani ya Saudia kwa sababu ugonjwa ule ulipita kwa pumzi, na watu wakisimama bega kwa bega ilitosha. Kipindupindu kinapita kwa mdomo: maji, chakula, mikono, choo. Safu ya swala haikipeleki. Kwa hiyo sioni sababu ya kufunga Ijumaa wala jamaa kwa maradhi haya, ila wenye mamlaka wakiona hali imezidi na kuamuru, watiiwe. Msikitini liangaliwe hodhi. Watu wakichota kwa mikono, na kusukutua kwa maji ambayo hayakutibiwa, wanayaingiza mdomoni mara tatu kwa kila udhu. Maji yatoke bombani au yachotwe kwa kata yenye mkono mrefu, yatiwe dawa, na asiyeyaamini atawadhe nyumbani. Harufu ndogo ya klorini haiyatoi kwenye jina la maji, na udhu wake ni sahihi. Anayeharisha asije kabisa mpaka apone. Ikiwa aliyekula kitunguu thaumu ameambiwa ajitenge na msikiti wetu kwa harufu tu, huyu je?

Karamu ni jambo jingine, na hapa nasema bila kusita: haijuzu kuifanya sasa. Utazame uwanja wa hitma. Pilau ikitoka jikoni inachoma, vijidudu vimekufa. Kisha inapakuliwa na kusubiri wasomaji wamalize, inapoa, mkono mmoja ulioshika kitasa cha mlango wa choo unaigusa, na wali uliopoa ni mahali pazuri pa kijidudu hicho kuzaana. Kachumbari haikupikwa, na nyanya zimeoshwa kwa maji ya kisima. Juisi ya ukwaju imetiwa barafu, na hakuna ajuaye ni maji gani. Watu sita sinia moja. Beseni moja la kunawia linazungushwa, na wa mwisho ananawa uchafu wa wa mwanzo. Choo kimoja kwa watu mia mbili. Tena wengi wa walioambukizwa hawaumwi kabisa, lakini hukitoa kijidudu chooni kati ya siku moja na kumi, na aliyemeza huweza kukaa hadi siku tano kabla ya kuugua. Hitma ya siku ya saba, katika nyumba aliyougulia marehemu, imeangukia katikati ya siku hizo hasa.

Sitaingia katika mjadala wa hukumu ya hitma yenyewe. Msomeeni mama Qur'ani, kila mmoja kwake, gawaneni juzuu kwa simu mkitaka, muombeeni. Hakuna kinachompungukia kwa kukosekana sinia. Na sunna ya msiba ilikuwa kinyume cha desturi yetu: alipouawa Jaafar (r.a.), Mtume (s.a.w.) aliwaamuru watu wawapikie jamaa zake, maana wana la kuwashughulisha.

Sasa ng'ombe. Umesema kanunuliwa kwa fedha za mama. Basi nadhiri ya mjomba haipo, kwa sababu Mtume (s.a.w.) amesema, katika Sahihi Muslim, hakuna nadhiri katika kitu asichokimiliki mja. Mali ile ni tirka, yaani mali aliyoacha marehemu, na mjomba hana fungu ndani yake maadamu dada yake ameacha mtoto wa kiume. Yatolewe kwanza gharama za mazishi na madeni. Ulizeni kama alikuwa na zamu ya upatu aliyokwisha kupokea na hajamaliza kuchangia, kwani imepokewa kwamba nafsi ya muumini hutundikwa na deni lake mpaka lilipwe. Kisha wasia kama upo, kisha mirathi. Na fungu la mdogo wako wa miaka 11 halitolewi karamu wala sadaka, hata akiridhia, kwani ridhaa ya mtoto haihesabiwi. Muuzeni ng'ombe na mchele. Ninyi watu wazima mkipenda kumtolea mama sadaka kwa mafungu yenu, gaweni mchele mkavu, kilo mbili mbili kwa kila nyumba. Mkichinja wa kwenu wenyewe, nyama igawiwe mbichi kila mtu akapike kwake.

Mjomba usimkabili mbele ya watu. Amefiwa na dada yake, na huenda karamu ndiyo njia pekee aijuayo ya kumlilia. Nenda na shangazi, au umpeleke imamu wa mtaa, mzungumze naye faragha. Mwambie kwamba watoto wa dada yake wamebaki mikononi mwake, na mnamtaka awe mlezi wao.

Nguo za mama, ambazo kwa desturi hugawiwa, msizigawe kwanza. Zile za siku za ugonjwa na shuka zake zilowekeni kwenye dawa au zichemsheni, zikaushwe juani, na msizifulie kisimani. Maji ya kunywa yachemke hadi yatokote kwa dakika moja kamili. Na mmoja wenu akianza kuharisha maji meupe kama ya kuoshea mchele, msingoje alfajiri. Mpelekeni saa hiyo hiyo, na njiani mnywesheni kidogo kidogo: lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa. Akitapika, ngojeni dakika kumi, kisha mpeni tena taratibu. Mfundishe na huyo mdogo wako kuyachanganya.