Jibu: Kipi ni cha kale na kipi kimejengwa upya Sainte-Marie?

Salaam, ndugu. Umeuliza namna ya kutofautisha, katika picha za misheni ya Wajesuiti ya Sainte-Marie kule Ontario, Kanada, mabaki ya karne ya 17 na majengo ya baadaye.

Anza na tarehe. Mapadri walianzisha kituo hicho mwaka 1639 katika nchi ya Wahuron-Wendat (au Wawendat), wenyeji wa asili wa huko, wakakichoma moto wenyewe mwaka 1649 walipokihama, kwa hiyo kila ukuta wa mbao unaouona umesimama ni wa miaka ya 1960.

Kisha angalia aliyechimba ni nani. Mimi huanza na ripoti ya mwanaakiolojia Kenneth Kidd, aliyechimba kuanzia 1941 hadi 1943, kwani humo unaweza kufuata ushahidi wenyewe wa ardhini, kama vile duara la udongo mweusi linaloonyesha mahali nguzo ilipooza au kuungua. Wilfrid Jury, aliyemfuata kuanzia 1947, alithubutu zaidi, na mfereji aliodai ulikuwa na malango ya kupandishia mitumbwi umebishaniwa sana. Usiunukuu kana kwamba umethibitishwa.

Tafadhali wape nafasi Wawendat pia, maana vipande vya vyungu vyao vimechimbuliwa humohumo.