Wasomaji wauliza: Fizikia ya tiba inasomwaje, na inakupeleka wapi?

Shikamooni wataalamu. Niko sekondari, napenda fizikia kuliko biolojia. Nasikia kuna wanafizikia wanaofanya kazi hospitalini. Je, ni madaktari? Kutwa nzima hufanya nini?

Marahaba. Si madaktari, na hawaandiki dawa. Daktari bingwa wa saratani akiamua uvimbe upewe mionzi ya grei 60 (grei ni kipimo cha dozi ya mionzi), mwanafizikia ndiye anayehakikisha mashine inatoa hizo 60, mahali palipokusudiwa, na kwamba uti wa mgongo ulio jirani haupati zaidi ya unachoweza kustahimili.

Asubuhi, kabla ya mgonjwa wa kwanza, mashine ya mionzi, yaani linaki, hupimwa. Dozi ikipishana na ya kawaida kwa zaidi ya asilimia 3, wagonjwa husubiri mpaka sababu ijulikane. Leza za ukutani zinazoonyesha mahali pa kumlaza mgonjwa nazo hukaguliwa, kwa milimita. Baada ya hapo kazi kubwa ni mipango ya matibabu kwenye kompyuta. Mpango mgumu hujaribiwa kwanza kwenye kifaa cha plastiki au maji kinachoshika nafasi ya mwili.

Wenzao wa idara ya picha hupima dozi ya CT-Scan kwa silinda za plastiki, ya kipenyo cha sentimita 16 kwa kichwa na ya 32 kwa kiwiliwili. Wa tiba ya nyuklia, ambako mgonjwa hupewa dawa yenye mionzi, hukimbizana na saa. Teknishiamu-99m, mojawapo ya dawa hizo, hupungua kwa nusu kila baada ya saa 6, kwa hiyo dozi iliyoandaliwa saa mbili asubuhi, mgonjwa akifika saa nane mchana, imebaki nusu.

Biolojia usiitupe, lakini. Anatomia utaisoma utake usitake.

Namaliza shahada ya kwanza ya fizikia. Nichague shahada gani ya uzamili, na je, uzamivu utanisaidia kupata kazi hospitalini haraka zaidi?

Tuanze na uzamivu, kwa sababu hapo ndipo wengi hupotelea. Shahada, hata iwe kubwa namna gani, haikupi ruhusa ya kusaini dozi ya mgonjwa. Kinachokupa ni mafunzo ya vitendo hospitalini chini ya mwanafizikia mwenye uzoefu. Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki (IAEA) linataka yasipungue miaka 2, baada ya uzamili. Mwenye uzamivu wa nadharia ambaye hajayapitia atapanga foleni ileile na mwenye uzamili.

Kwa hiyo, unapochagua chuo, usianze na jina lake. Andika barua uulize: wanafunzi wanapelekwa hospitali gani, wanakaa kwenye mashine saa ngapi kwa wiki, nani anawasimamia, na waliohitimu wamepata wapi nafasi ya mafunzo ya vitendo. Chuo kisichoweza kujibu hilo la mwisho kinakuuzia cheti tu.

Nchi zina njia tofauti. Marekani, tangu 2014, anayetaka kufanya mitihani ya bodi inayothibitisha wataalamu lazima apitie mafunzo ya hospitali yaliyoidhinishwa na CAMPEP, tume inayokagua programu za fizikia ya tiba, na nafasi zake hugombewa sana. Uingereza kuna programu ya miaka 3 ambayo mwanafunzi analipwa mshahara huku akisoma uzamili ndani yake, kisha anasajiliwa kama mwanasayansi wa kliniki. Kwa wanaotoka nchi zinazoendelea, kituo cha kimataifa cha fizikia ya nadharia, ICTP, kilichopo Trieste, Italia, pamoja na chuo kikuu cha mji huo, wana uzamili wa miaka 2: wa kwanza darasani, wa pili hospitalini. Tunaipenda programu hii kwa sababu hiyo ya mwaka wa pili.

Katika muda uliobaki, kazia fizikia ya atomu na nyuklia, usumakuumeme na takwimu. Jifunze pia kuandika programu. Python inatosha kuanzia: jaribu kufungua picha za CT zenye muundo wa DICOM (aina ya faili za picha za hospitali), usome thamani za pikseli, uchore grafu. Atakayekuhoji atafurahishwa na hilo kuliko alama ya A ya somo la kwanta.

Niko mafunzoni. Nilipima dozi ya linaki kwa chemba ya ayoni (kifaa cha kupimia mionzi) kwenye tangi la maji, nikapata jibu pungufu kwa karibu asilimia 17 kuliko la msimamizi wangu. Hospitali iko mwinuko wa mita 1,500 hivi. Joto nilipima, mgandamizo wa hewa nikausoma kwenye simu. Nimekosea wapi?

Kwenye simu. Taarifa za hali ya hewa kwa kawaida hutoa mgandamizo uliorekebishwa uonekane kama wa usawa wa bahari, takriban kilopaskali 101. Mgandamizo halisi chumbani mwako, kwa mwinuko huo, ni karibu 84.5. Chemba yako iko wazi kwa hewa, na hewa ikiwa nyepesi, ayoni zinazozalishwa ni chache, usomaji unashuka. Kirekebishi, yaani namba ya kuzidisha usomaji kulingana na joto na mgandamizo, kilitakiwa kuuinua kwa takriban mara 1.2, wewe uliuzidisha kwa 1, au karibu na hapo.

Fuata mkondo wa kosa hilo uone linakofika. Ungeamini jibu lako na kurekebisha mashine "iliyopungua", kila mgonjwa aliyepangiwa grei 2 kwa siku angepata kama 2.4. Matibabu ya siku 30 yangekuwa grei 72 badala ya 60, huku rekodi zikisoma 60.

Dawa yake: barometa iwe chumbani humo humo, nayo iwe na cheti cha ukaguzi. Joto lipimwe ndani ya maji, karibu na chemba, si hewani. Maji yanayovukiza huwa baridi kuliko chumba, na nyuzi 3 za tofauti ni sawa na asilimia 1 ya dozi. Ukimimina maji mapya, yaache mpaka joto litulie. Soma pia cheti cha chemba: maabara nyingine hutumia nyuzi 20 kama rejea, nyingine 22, na ukichanganya hizo mbili umepoteza asilimia 0.7 bila kujua.

Na pima mara mbili, watu wawili, vifaa viwili. Ndiyo maana IAEA na Shirika la Afya Duniani wamekuwa wakituma vifaa vidogo vya kupimia mionzi kwa posta tangu 1969: hospitali inavipiga mionzi, inavirudisha, maabara inasoma bila kujali hospitali ilidhani imetoa nini. Tofauti ikizidi asilimia 5, hospitali inaulizwa.

Binti yangu anataka kusomea kazi hii. Mimi naogopa mionzi, hasa akija kupata watoto. Je, nimruhusu?

Mama, hofu yako tunaielewa. Kikomo kwa mfanyakazi ni wastani wa milisivati 20 (kipimo cha mionzi kwa mwili wa mtu) kwa mwaka katika miaka 5, na mwaka wowote usizidi 50. Kwenye linaki wafanyakazi huwa nje ya ukuta mnene wa zege wakati mionzi inawaka, na beji zao za kupimia mionzi kwa kawaida husoma chini kabisa ya kikomo hicho. Wanaopokea zaidi ni wa tiba ya nyuklia, maana wao hushika dawa yenyewe, na wanaosimama karibu na mgonjwa wakati eksirei inawaka.

Akipata ujauzito, atoe taarifa mapema. Tangu hapo mtoto aliye tumboni huhesabiwa kama mtu wa kawaida: isizidi milisivati 1 kwa muda uliobaki. Idara humbadilishia majukumu, si kumwachisha kazi. Na akipenda MRI au ultrasaundi, huko mionzi ya namna hiyo haipo kabisa, ingawa sumaku ya MRI ina hatari zake za kuvuta chuma.

Kama sitaki hospitali, kuna kazi gani nyingine?

Mamlaka za usalama wa mionzi huajiri wakaguzi. Kampuni zinazotengeneza mashine na programu za kupangia matibabu huhitaji watu wa kuzifunga, kuzijaribu na kufundisha watumiaji. Maabara za vipimo hukagua chemba za hospitali. Kuna kukokotoa unene wa kuta za vyumba vya mionzi, kazi ambayo wengine huifanya kwa kujitegemea. Utafiti na ualimu, bila shaka. Lakini nyingi ya kazi hizi huwapendelea waliowahi kufanya kazi kliniki, kwa hiyo miaka 2 ya hospitali usiiruke hata kama hukusudii kubaki.