Jibu: Uzi wa miiba unalegea mwishoni mwa mshono

Mkuu, umesema V-Loc, uzi wa kushonea wenye miiba midogo, unalegea mwishoni ukifunga mji wa mimba baada ya kutoa fibroidi (uvimbe wa mji wa mimba) kwa upasuaji wa matundu madogo tumboni. Mara nyingi kosa ni kukata uzi mara tu baada ya mshono wa mwisho. Miiba yake imeelekea upande mmoja: inapita mbele, inagoma kurudi. Kwa hiyo ukifika mwisho, geuka ushone mishono 2 kuelekea ulikotoka, ndipo ukate.

Mwanzoni, choma kingo zote mbili za jeraha, pitisha sindano kwenye kitanzi kilicho mwisho wa uzi, vuta mpaka kikae. Kisha kaza kila mshono papo hapo. Ukiacha kukaza mpaka mwisho, miiba inashikilia njiani na mishono ya nyuma inabaki wazi. Lakini usivute kupita kiasi: uzi haurudi, na nyama iliyonyongwa hukosa damu.

Usibane sehemu yenye miiba kwa kishika sindano, utailaza.

Mkia, yaani ncha inayobaki ukikata uzi, ndio unaonitisha zaidi. Ukate usawa wa tishu kabisa. Kipande kilichochomoza hunasa utumbo, na kuziba kwa utumbo kumeripotiwa hivyo.