Kabureta au injekta: usibadilishe kabla ya kusafisha

Ndugu yangu, umeuliza kama uing'oe kabureta (kifaa kinachochanganya hewa na petroli) ya gari lako la zamani ufunge mfumo wa injekta (unaopuliza petroli kwa amri ya kompyuta), kwa sababu asubuhi linasumbua kuwaka na linakunywa mafuta. Mimi nakushauri usikimbilie huko.

Kabureta haina akili. Hewa ikipita kwenye koo lake jembamba inaongeza kasi, mgandamizo unashuka, petroli inanyonywa kupitia tundu la jeti, tundu dogo kama la sindano. Punje moja ya uchafu pale inatosha kuharibu mchanganyiko. Kwa hiyo fungua bakuli la petroli la kabureta, safisha jeti, angalia boya na sindano yake (vinavyodhibiti petroli inayoingia bakulini), kisha hakikisha choki (kizibo cha hewa) inajifunga wakati injini ni baridi na kufunguka injini ikipata moto. Mengi ya malalamiko yako yako hapo hapo.

Injekta ni bora, sikatai. Kompyuta inasoma sensa (vipimaji vya injini) na kulenga takriban sehemu 14.7 za hewa kwa 1 ya petroli, na hata ukipanda mlima inajirekebisha yenyewe. Lakini kuihamishia kwenye injini yako kunadai pampu ya mgandamizo mkubwa (nyingi hufanya kazi karibu na baa 3 za mgandamizo, ya kabureta haifiki hata baa 1), mipira ya mafuta inayouhimili mgandamizo huo, sensa, nyaya na kompyuta. Mpira dhaifu ukipasuka juu ya injini ya moto, gari linaweza kuungua. Hapo tafadhali usibahatishe.

Plagi (zinazotoa cheche) zikoje, nyeusi zenye masizi, dalili ya petroli kuzidi, au kahawia?