Barua kwa mwanangu: dau, fundi na mlio wa nyundo

Wete, Pemba

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Barua yako nimeipata na nimeisoma mara tatu kabla ya kushika kalamu, kwa sababu hukuniuliza jambo la kujibiwa kwa simu baina ya adhana na ikama.

Umenieleza kwamba huko Dar es Salaam mmezoea kukaa watatu mezani wakati wa chakula cha mchana: wewe, mwenzako mmoja asemaye kwamba Mungu hayupo, ni jina tu ambalo watu walilitunga kwa kuogopa radi na kifo, na mwengine asemaye kwamba Muumba yupo, ila aliumba akamaliza, hasikilizi dua ya mtu, na dini zote zililetwa na meli. Unaniuliza ni nani kati yenu mwenye hoja yenye nguvu zaidi. Unaniuliza pia, kwa sauti ya chini kidogo, kama ni dhambi kwako kukaa hapo na kuona kwamba baadhi ya maneno yao huwezi kuyajibu.

Nitaanza na la kwanza. Ukizipima hoja peke yake, mwenye hoja safi kuliko nyote ni huyo wa katikati baina yako na mkanamungu, asemaye kwamba Muumba yupo ila hasikilizi dua, ambaye wanafalsafa humwita mdeisti. Na huyo huyo ndiye ninayemtilia shaka kuliko yule mkanamungu. Nivumilie nikueleze kwa nini.

Sifa ishirini za Mwenyezi Mungu tulizisoma chuoni tukiwa na miaka minane au tisa, tukiziimba kwa pamoja, wujudi, yaani kuwepo, qidamu, baqaa, na kuendelea. Mimi kwa utoto wangu nilidhani sifa inayotajwa ni ile ile sifa, yaani mafuta ya papa, ambayo marehemu babu yako alikuwa akipakia dau lake, iliyokaa ndani ya debe uvunguni na kunuka nyumba nzima, nikawa nastaajabu Mwenyezi Mungu atayafanyia nini madebe ishirini. Hiyo sifa ya kwanza, wujudi, ilikuja na dalili yake, nasi tuliihifadhi kabla ya kuifahamu: ulimwengu unageuka, kila chenye kugeuka ni chenye kuzuka, na kila chenye kuzuka hakina budi kuwa na aliyekizusha. Usiidharau kwa kuwa iliimbwa na watoto. Nyuma yake upo ubishi mzito wa wanazuoni, maana al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alishikilia kwamba ulimwengu una mwanzo, na Ibn Sina, aliyemtangulia kufariki mwaka 1037, alisema kwamba ulimwengu hauna mwanzo wa wakati, lakini hata hivyo hauwezi kuwepo ila kwa kumtegemea Yule ambaye kuwepo kwake ni wajibu. Ghazali aliihesabu kauli hiyo kuwa ni ukafiri. Kwa hiyo hata miongoni mwa waliokubaliana kwamba Mungu yupo, njia ya kufikia hapo haikuwa moja, na mwenzako asikubabaishe kwa kukwambia kwamba waumini hawajawahi kuhojiana.

Walimu wetu waliongeza kisa kinachosimuliwa juu ya Imamu Abu Hanifa, ambacho nawe umekisikia katika mihadhara. Aliahidiana kujadiliana na wakanamungu, akachelewa, na alipofika akawaambia kwamba alikuwa ng'ambo ya mto akingojea chombo, mara akaona mbao zinajikata na kujiunga zenyewe mpaka zikawa jahazi, akapanda akavuka. Walipomcheka, akawauliza vipi basi wanakubali kwamba mbingu na ardhi zimejiunda zenyewe. Kisa kitamu, na kwa miaka mingi nilikuwa nikidhani kwamba kimefunga mlango. Baadaye nikaja kujua kwamba David Hume, mwanafalsafa wa Uskoti, katika majadiliano juu ya dini yaliyochapishwa mwaka 1779 baada ya kufa kwake, alikuwa ameugusa mlango huo huo na kuukuta haujafungwa barabara. Sisi tunajua kwamba nyumba ina mjenzi kwa kuwa tumewaona wajenzi wakijenga. Nani amewahi kuona ulimwengu ukijengwa, hata aweze kulinganisha? Na mwaka 1859 Darwin, mwanasayansi wa Uingereza, akaeleza jinsi viumbe wanavyoweza kugeuka pole pole kizazi baada ya kizazi bila ya mtu kuwachonga mmoja mmoja, na waliokuwa wameegemeza hoja yao yote juu ya ufundi wa jicho na bawa wakajikuta wameegemea ukuta uliosogea.

Hoja ya sifa ishirini, hata hivyo, haisimami juu ya jicho wala bawa. Inauliza kwa nini kuna kitu chochote chenye kugeuka badala ya kutokuwepo kitu. Karne iliyopita ilionekana kana kwamba darubini zimekuja kumuunga mkono Ghazali, kwani mwaka 1927 Georges Lemaître, padri wa Kikatoliki wa Ubelgiji aliyekuwa pia mtaalamu wa fizikia, alionesha kwamba ulimwengu unatanuka, na mwaka 1931 akapendekeza kwamba ulianza kutoka katika kitu kimoja mfano wa atomu. Papa Pius wa 12 aliposema mwaka 1951 kwamba sayansi sasa inashuhudia uumbaji, padri mwenyewe hakupendezwa, kwani hakutaka imani ya watu itundikwe kwenye nadharia ambayo huenda kesho ikarekebishwa. Nampenda mtu huyu. Ninapowasikia masheikh wetu wakipiga meza kwamba wanasayansi wamethibitisha Qur'ani, humkumbuka yeye.

Sasa tuseme hoja imeshinda. Tuseme mkanamungu wenu ameinua mikono na kukubali kwamba yuko aliyezusha. Utakuwa umefika wapi? Umefika barazani kwa mdeisti, hujafika msikitini. Antony Flew, mwanafalsafa wa Uingereza aliyetetea ukanamungu kwa muda wa nusu karne, alitangaza mwaka 2004 kwamba sasa anakubali kuwepo kwa Mungu, na habari hiyo ilienea kwa waumini kama habari ya harusi. Wengi waliisahau nusu yake ya pili: Mungu ambaye Flew alimkubali si mwenye kupeleka Mitume, na yeye mwenyewe aliendelea kusema kwamba haamini maisha baada ya kifo. Hoja ilimfikisha mahali hoja inapofika, akashuka hapo. Ndiyo maana nikakwambia kwamba wa katikati ana hoja safi. Yeye huchukua kile tu alichopewa na akili.

Au ndivyo anavyodhani. Mwulize: umejuaje kwamba Muumba amenyamaza? Ile hoja iliyompeleka kwa Muumba haisemi lolote juu ya kunyamaza kwake, kama isivyosema lolote juu ya kusema kwake. Huyu naye amebeba khabari ya ziada, ila haoneshi aliyemletea. Mimi nikisema Mungu amesema, nina Mtume wa kumtaja na Kitabu cha kufunua, unaweza kunibishia ukipenda. Yeye akisema Mungu amenyamaza, anataka nimwamini hivi hivi.

Na mfano anaoutegemea ni ule ule wa dau. Fundi anaunda dau, anashusha majini, anakwenda zake, na dau linaendelea kuelea hata akishakufa. Nilipokuwa kijana nilikaa siku nyingi pwani kumtazama fundi akipiga kalafati kwenye dau la babu yako. Alikuwa akiisokota pamba iliyochovywa mafuta, anaisukumiza kati ya mbao mbili kwa patasi, kisha anagonga kwa nyundo ya mti, kila pigo kando ya jengine, na kila baada ya mapigo machache anasimama na kugonga tena kwa kusikiliza tu, kwa sababu mlio humwambia kama ufa umejaa au bado. Mlio ukiwa mzito anasogea, ukiwa na uwazi ndani anarejea. Nilipokuja kusoma kauli ya Ibn Sina, ya kwamba kila kilichopo kinategemea si mwanzoni tu bali muda wote kinapokuwepo, nilikumbuka ule mlio kuliko lile dau. Fundi akiondoka, dau linabaki. Akiacha kupiga, mlio haupo; haubaki hata nusu yake. Mdeisti ameufanya ulimwengu kuwa dau. Wazee wetu wa elimu ya tauhidi, pamoja na ugomvi wao wote, waliuona kuwa ni mlio. Kama wao ndio wenye haki, basi kusema kwamba Muumba aliondoka si ujasiri wa fikra, ni kusahau kwamba bado unasikia.

Juu ya dini kuletwa na meli, sitakaa sana. Ni kweli zilipita baharini. Msikiti wa Kizimkazi kule Unguja una maandishi ya Kikufi ya mwaka 500 wa Hijria, sawa na 1107. Karafuu nayo ilikuja kwa chombo mwanzoni mwa karne ya 19 na hakuna anayeikataa harufu yake kwa sababu hiyo. Na udeisti ulisitawi Uingereza na Ufaransa, sidhani kama ulifika Kariakoo kwa miguu.

Linalonishughulisha zaidi ni la mkanamungu, maana hoja yake iliyo nzito siyo ya darubini bali ya maumivu. Novemba 1, 1755, siku ya sikukuu, watu wakiwa makanisani, tetemeko liliuangusha mji wa Lisbon kule Ureno, na Voltaire, mwandishi wa Ufaransa aliyekuwa mdeisti, akawaka kwa hasira dhidi ya wale waliosema kwamba yote yamepangwa vizuri. Lakini hakumkana Muumba. Huku kwetu, Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja kikang'oa sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi, na Pemba ikasalimika kwa kiasi kikubwa, na hivyo ndivyo sisi tulivyokuwa kisiwa cha karafuu. Utajiri wetu ulianzia kwenye msiba wa jirani. Anayeniambia kwamba watu wa Unguja walikuwa na madhambi zaidi kuliko wa Pemba mwaka huo, simsikilizi. Na anayeniambia kwamba upepo ule unathibitisha kuwa juu hakuna mtu, namwona ameruka hatua, lakini nafahamu kilichomrusha.

Unakumbuka pia usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011, meli iliyojaa kupita kiasi ilipozama karibu na Nungwi ikija huku Pemba, na mamia ya watu wakafa. Jirani yetu alipoteza mke na watoto wawili. Nilikuwepo matangani pale mtu mmoja, kwa nia njema, alipomwambia kwamba ni qadari ya Mungu, naye akajibu taratibu: "Qadari naijua. Na aliyeruhusu watu wapande wakati imeshajaa, naye namjua." Hakuna aliyetia neno. Mtu yule hajaacha kusali hata siku moja, na sikuona kwamba imani ilimpunguzia uchungu. Niliona kwamba ilimpa wa kumshitakia, kama Nabii Yaakub katika Suratu Yusuf aliposema kwamba anamshitakia Mungu huzuni yake na majonzi yake. Kwa nini Mungu aliiacha meli ile ing'oe nanga, mimi sijui, na ukimwona mtu anayejua, mwogope.

Mdeisti atakucheka kwenye dua. Atakwambia: baba yako ana karafuu jamvini anaomba jua, jirani yake amepanda mihogo anaomba mvua, Mungu amsikie nani? Nimeomba hivyo mara nyingi nikimtazama jirani akiomba kinyume, tena msikiti mmoja, safu moja. Yaliyotokea ni kwamba mwaka mmoja karafuu zangu zilirowa zikaharibika, na mwaka mwengine mihogo yake ilikauka, na sote wawili tulirejea katika safu ile ile. Sikuwekei jambo hili kama dalili. Nakwambia tu kwamba anayedhani dua ni ombi la kupeleka dukani, hajaifahamu, na hapo si suala la akili yake kuwa nyepesi, ni kwamba hajasimama mahali hapo.

La dhambi nalo ni jepesi kuliko unavyodhani. Nabii Ibrahim alimwomba Mola wake amuoneshe jinsi anavyohuisha wafu, akaulizwa kama haamini, akajibu kwamba anaamini, ila moyo wake upate kutua. Hakukemewa, alipewa alichokitaka. Ghazali naye ameandika kwamba zamani zake alishikwa na shaka kwa muda wa karibu miezi miwili mpaka akawa hayaamini hata macho yake, kwa kuwa jicho huiona nyota ndogo kama dinari ilhali ni kubwa kuliko ardhi, na kwamba hakutolewa humo kwa hoja aliyoipanga bali kwa nuru ambayo Mungu aliitia kifuani mwake. Huyu ndiye mtu ambaye umma umemwita Hujjatul Islam, yaani hoja ya Uislamu. Kwa hiyo kaa mezani, kula chakula chako, na pale usipokuwa na jibu sema huna. Ila usiende kujifunza hoja usiku kucha kwa ajili ya kuwashinda wenzako tu, maana nimewaona vijana wa namna hiyo, na wengi wao walishinda mezani wakaacha sala.

Huyo wa katikati umfikishie salamu zangu pamoja na lile swali la kunyamaza. Akiwa na jibu, liandike kama alivyolisema, usilitengeneze, uniletee. Mama yako anakusalimu, na anauliza kama kopo la achari limefika salama au limemwagika njiani.

Wasalaam,
ni mimi baba yako