Uliza Muuza Kaseti: James Brown, Ngumi na Kreti ya Simba

SWALI: Jambo yaya. Kwenye buvette yetu, baa ndogo hapa Katuba, Lubumbashi, kuna mashindano ya maswali kila Ijumaa, zawadi kreti ya bia ya Simba. Tuliulizwa: James Brown aliimba Kinshasa lini? Meza yetu ikajibu Septemba 1974. Mwenye mashindano akakataa, akasema ni 30 Oktoba, usiku wa pambano la ngumi la Muhammad Ali na George Foreman, na akatuonyesha kurasa nne kwenye simu yake, zote zinasema hivyo. Kreti ikaenda meza nyingine. Haki ilikuwa ya nani?
Fundi wa televisheni, Katuba

JIBU: Fundi, kreti ilikuwa yenu. Tamasha la muziki la Zaire 74 lilipigwa siku tatu, tarehe 22 hadi 24 Septemba, na pambano lilipangwa kufuata tarehe 25. Uwanja ni uleule mmoja, wa 20 Mai, ambao leo unaitwa Tata Raphaël. Lakini Foreman alichanika juu ya jicho akiwa mazoezini, na ngumi zikasogezwa hadi 30 Oktoba. Muziki haukusogezwa. James Brown, B.B. King, Celia Cruz, Miriam Makeba na Franco, mwanamuziki wetu wa Kongo, wakapanda jukwaani kwa tarehe zilizopangwa, na Ali akamwangusha Foreman raundi ya nane wiki tano baadaye.

Basi kosa limetoka wapi? Nashuku filamu ya mwaka 1996, When We Were Kings, ile iliyopata Oscar. Inachanganya picha za jukwaani na picha za ulingoni, na mtu asiyeshika tarehe hutoka akiamini ameona usiku mmoja. Filamu haikusema uongo, mtazamaji ndiye aliyejiunganishia.

Kurasa nne za huyo bwana zisikutishe. Chukua sentensi moja nzima kutoka ukurasa wa kwanza, iweke ndani ya alama za kunukuu, itafute kwenye Google. Ikirudi neno kwa neno kwenye zile nyingine, pamoja na kosa lilelile la herufi, ujue una shahidi mmoja mwenye midomo minne. Mimi mezani pangu pa kaseti nilizoea wateja wa namna hiyo: watu kumi wanaapa kuwa wimbo ni wa fulani, ukiwauliza nani amewaambia, wote wanamtaja dereva mmoja wa basi.

Nawe ujihadhari upande wako. Kuna mabango ya wakati ule, halali kabisa, yanayotangaza pambano kuwa tarehe 25 Septemba. Hakuna aliyeyaghushi, yalichapwa kabla Foreman hajachanika. Bango hueleza kilichokusudiwa. Kilichotokea kaulizie gazeti la kesho yake. Na ukikutana na ukurasa wa Kimarekani unaosema 29 Oktoba, usianze vita: Ali na Foreman walipigana alfajiri saa za Kinshasa, wakati New York ilikuwa bado usiku wa jana yake.

SWALI: Yaya, mtoto wangu ana kazi ya shule juu ya mpiga gitaa Mwenda Jean Bosco. Ukurasa mmoja unasema wimbo wake Masanga ulirekodiwa Jadotville, mwingine Likasi. Aandike nini?
Mama wa Kamalondo

JIBU: Mama, mji ni mmoja. Jadotville ilianza kuitwa rasmi Likasi mwaka 1966, wakati Elisabethville nayo ikawa Lubumbashi. Aandike "Jadotville, leo Likasi, 1952", mwalimu atafurahi. Aliyerekodi ni Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Afrika, aliyekuwa akizunguka na mashine yake na kuandika habari za kila wimbo. Mwaka 1954 alianzisha huko Afrika Kusini hazina ya muziki inayoitwa International Library of African Music, na rekodi zake zimehifadhiwa huko. Neno la aliyeshika mashine siku ile nalipa uzito kuliko la blogu ya juzi.

Kwenye intaneti atafute kwa majina yote: Mwenda Jean Bosco, Bosco Mwenda, Mwenda wa Bayeke. Kaseti nilizouza zilikuwa na kila namna ya jina, na kila namna ilikuwa na mteja aliyebisha kwamba hao ni watu watatu. Halafu akiona picha ya lebo ya sahani ya muziki inayodaiwa kuwa ya 1952 nayo imeandikwa "Zaire", aiweke kando. Kongo ilipata jina hilo 1971.

SWALI: Kwenye YouTube, Indépendance Cha Cha ina picha ya Franco. Kwa hiyo ni wake?
Msomaji wa Kenya, hapa Lubumbashi

JIBU: Hapana. Ni wa Grand Kallé na African Jazz, ulizaliwa Brussels mwaka 1960 wakati wa mazungumzo ya Meza ya Duara juu ya uhuru wa Kongo. Franco alikuwa wa OK Jazz. Picha huwekwa na aliyepandisha video, naye mara nyingi huweka ile iliyo karibu. Soma maelezo yaliyo chini, na ukikuta hata jina la kampuni ya sahani halipo, usiitegemee hiyo video kwa lolote ila kucheza.

SWALI: Yaya, nimeweka dau na mdogo wangu. Mimi nasema filamu ya Baloji, Augure, ilipelekwa kwenye Oscar na Kongo, maana jamaa ni wa hapahapa, na TikTok imesema hivyo. Yeye anasema Ubelgiji, eti kasoma Wikipedia.
Mwanafunzi, Ruashi

JIBU: Baloji kweli alizaliwa Lubumbashi, 1978, na filamu yake ilipata zawadi huko Cannes mwaka 2023, sehemu ya Un Certain Regard. Lakini iliyoipeleka kwenye Oscar ni Ubelgiji, na haikuingia tano za mwisho. Usimcheke mdogo wako kwa Wikipedia. Yeyote anaweza kuibadilisha, ndiyo, ila ukibonyeza namba ndogo mwishoni mwa sentensi unafika pale mwandishi alipoitoa habari yake, na kwenye historia ya ukurasa unaona nani aligusa nini na lini. TikTok yako ilikupa namba gani ya kubonyeza? Mlipe mtoto pesa yake.